Mwanafunzi Ni Mimi Mwenyewe: Karo ya Chuo Kikuu Ukiwa Kazini

Kila Januari na kila Septemba, simu za karo huwa nyingi kwenye dawati letu la huduma kwa wateja. Zamani waliopiga walikuwa wazazi. Siku hizi ukimwuliza mteja jina la mwanafunzi, mara nyingi anacheka kidogo halafu anasema, "Mwanafunzi ni mimi mwenyewe."

Mimi pia ni mmoja wao. Nina miaka 41, watoto wawili, na diploma niliyoipata nikiwa na miaka 23. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwafunza kazi vijana wenye digrii, halafu baada ya miezi michache wanakuwa wakubwa wangu. Hilo liliniuma, sitadanganya. Lakini kilichonisukuma zaidi ni binti yangu wa Kidato cha Tatu. Aliniuliza mbona namwambia asome kila siku na yeye hajawahi kuniona na kitabu. Nikakosa jibu.

Nilipoanza kuulizia, niligundua mlango si mwembamba vile nilivyodhani. Kwa kawaida digrii hutaka C+ kwenye KCSE, nami nilipata C. Kumbe diploma inayotambulika nayo inaweza kukuingiza, na kuna vyuo vinavyokuondolea baadhi ya masomo uliyokwisha kufanya. Madarasa ya jioni na ya Jumamosi yapo. Aliye mbali na mji anaweza kuangalia Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023 na ambacho hufundisha kwa intaneti. Ila kabla ya kulipa hata pesa ya fomu, hakikisha chuo kimetambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile CUE, kisha uulize kama kozi yenyewe pia imeidhinishwa. Chuo kuwa halali ni jambo moja, kozi kupitishwa ni jambo lingine.

Sasa tuje kwa pesa. Karo ya mtu mzima inasumbua hata pale kiasi chenyewe si kikubwa sana, kwa sababu ya wakati. Mshahara unakuja mwisho wa mwezi, biashara inaleta kidogo kidogo, lakini chuo kinataka zote kwa mkupuo. Na mwezi huo huo mtoto naye anafungua shule. Nimewasikia wateja waliolipa karo ya muhula wa miezi minne kwa mkopo wa simu wa siku 30. Muhula haujafika katikati, deni limeshafika. Huo mkopo ni wa dharura, na karo si dharura. Tarehe yake unaijua mapema.

Mimi nilipiga hesabu hivi. Tuseme karo ni shilingi 36,000 na una wiki 24 kabla ya kulipa. Hiyo ni 1,500 kwa wiki, kama 215 kwa siku. (Usiniambie niache chai. Chai sijaacha.) Kila Jumapili saa mbili usiku, 1,500 inaingia kwenye akiba iliyofungwa mpaka tarehe ya karo, kabla Jumatatu haijaanza kuila. Nauli, bando, kuchapisha kazi na ada ya mtihani nazo zina hesabu yake, kwa sababu tangazo la chuo halisemi yote. Omba karatasi kamili ya karo, ya kozi nzima, mpaka siku ya mahafali.

Kabla hujajibebesha mzigo wote, uliza pia kazini. Kuna waajiri wanaolipa sehemu ya karo, ila soma mkataba vizuri, maana wengine wanataka ubaki nao miaka kadhaa baada ya kumaliza. Uliza Sacco yako riba ya mkopo wa elimu. HELB nayo si ya vijana waliotoka sekondari tu. Walioajiriwa wanaoendelea na masomo wana mkopo wao.

Halafu kuna siku niliyojiaibisha. Mimi, ninayewaambia wateja kutwa nzima "hakiki nambari kabla ya PIN", nililipa 28,500 kwa nambari yangu ya usajili ya zamani, ile ya diploma. Paybill ilikuwa sawa. Nambari ya akaunti ndiyo haikuwa yangu ya sasa. Pesa ilifika chuoni lakini kwenye jina la mwanafunzi aliyemaliza miaka mingi iliyopita, ambaye pia ni mimi. Tovuti ya wanafunzi ikasema nina deni, na bila kulipa sipati kadi ya mtihani. Mtihani ulikuwa siku nne mbele.

Karani wa fedha akaniambia, "Mama, nipe kodi ya muamala." Nami nilikuwa nimefuta ujumbe ili simu ipate nafasi. Ilibidi nitoe taarifa ya akaunti ya simu, niichapishe, niombe ruhusa kazini mara mbili, nisimame foleni mara tatu. Kadi niliipata jioni ya kuamkia mtihani.

Kwa hiyo nisikie kama mtu aliyeungua. Nambari ya akaunti iandike upya kila muhula ukiangalia barua ya kujiunga, usitegemee ile simu ilihifadhi. Lipa wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Ujumbe wa malipo upige picha na ujitumie kwa barua pepe. Ukikosea, piga simu siku hiyo hiyo, kwetu na chuoni pia, kwa sababu pesa ikishaingia kwa Paybill, kurudishwa kwake kunategemea pia mwenye hiyo Paybill. Na mtu akikuambia utume karo kwa nambari yake ya kibinafsi ili "akusaidie kupata nafasi", kata simu.

Cheo bado sijapata. Wakubwa wangu ni wale wale vijana, na mmoja wao hunisaidia takwimu wakati wa chakula cha mchana. Binti yangu naye amezoea: Jumanne na Alhamisi tunagawana meza, yeye na kemia yake, mimi na usimamizi wa biashara, na wa kwanza kusinzia ndiye anayeosha vyombo. Nimeosha sana. Nimebakisha mihula mitatu.