Kung'oa na Kuziba: Juu ya Kutengeneza Meno Yaliyoharibika

Husemwa mahali pengi ya kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa. Maneno haya hutumika kama mithali juu ya mtu mbaya aliyemo katika jamaa au katika kazi. Lakini watu huyafuata pia katika habari ya jino lenyewe. Mithali nyingine, ijulikanayo na kila mwanafunzi, yasema ya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Makala haya yataka kuonyesha kwamba hii ya pili ndiyo ifaayo zaidi kwa jino, na kwamba vyombo vya kuifuata ni vichache, vyaweza kuchukuliwa katika mfuko mmoja, wala havihitaji umeme. Twawaandikia hasa walimu na mapadre wa Inyonga, na wa mahali palipo kama Inyonga.

I. Nchi na Desturi

Inyonga ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele, katika Mkoa wa Katavi uliotengwa na Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Kabla ya hapo nchi hii ilihesabiwa katika Wilaya ya Mpanda. Ni nchi ya Wakonongo, ambao ni ndugu wa Wanyamwezi kwa lugha na kwa desturi nyingi. Imezungukwa na misitu ya miombo, nayo yasifiwa kwa asali yake. Mrina asali aliye porini, jino likimwuma, hana wa kumwendea. Huvumilia mpaka arudi, na akisha kurudi mara nyingi jino limekwisha kupita wakati wa kuzibwa.

Kutia chuma katika jino si jambo geni katika nchi hizi. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika ya kuwa Wanyamwezi walichonga pembe za ndani za meno mawili ya mbele ya juu, hata pakawa na nafasi ya pembe tatu katikati. Ndiyo ilikuwa alama ya kabila, tena pambo. Na kung'oa kumeenea hata kupita kiasi. Katika miaka ya 1980 na 1990 matabibu wa Tanzania waliandika habari za watoto wachanga wenye homa au kuhara, ambao wazazi waliambiwa ya kuwa wana "meno ya nailoni" au "meno ya plastiki". Ufizi ulipasuliwa, na meno machanga yasiyoota bado yakatolewa. Mtoto aliachwa na jeraha, na ugonjwa wake wa kweli haukutibiwa, wengine walikufa. Basi kuchonga na kung'oa, kazi hizi zote mbili hupunguza kinywa. Tunayotaka kuieleza ni kazi ya kurudisha.

II. Maneno

Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa elimu hii. Meno ya mbele, chonge, na magego yajulikana na wote. Pengo ni nafasi ya jino lililotoka, na kibogoyo ni mtu asiye na meno. Mswaki ulikuwa kijiti cha kutafuna na kusugulia, na jina lake limepewa burashi ya dukani.

Maneno mawili yastahili kuangaliwa zaidi. La kwanza ni ganzi. Neno hili husemwa juu ya meno yaliyopatwa na kitu kikali kama ndimu, na juu ya mkono au mguu uliokufa ganzi. Wenye kufasiri Biblia walilitumia katika Yeremia 31:29 na Ezekieli 18:2, katika habari ya zabibu kali na meno ya watoto. Leo sindano ya ganzi ndiyo jina la dawa ya kuzuia maumivu. Mwalimu akianza na aya ile, mwanafunzi ataelewa mara moja kazi ya sindano hiyo.

La pili ni mdudu. Watu husema jino limeliwa na mdudu, na wengi hudhani ni funza aliye hai. Dhana hii si ya Afrika peke yake. Ilikuwako Babeli ya kale, na Ulaya ilidumu mpaka Mfaransa Pierre Fauchard alipoikataa katika kitabu chake cha mwaka 1728. Hata hivyo haifai kulitupa neno. Mwaka 1890 Mmarekani W. D. Miller, aliyefanya kazi Berlin, alieleza ya kuwa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, waishio kinywani, hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo huyeyusha jino. Viumbe hao twawaita vijidudu. Kwa hiyo mwalimu asimcheke mzee asemaye mdudu. Na amwambie ya kuwa ni vijidudu wengi, na kwamba chakula chao ni sukari. Na katika nchi ya asali yapasa kuongeza ya kuwa asali nayo ni sukari: haina ubaya ikiliwa pamoja na chakula, lakini mtoto aionjaye kutwa nzima huwalisha vijidudu kutwa nzima.

III. Jino Lioza Namna Gani

Jino lina ganda gumu la nje. Chini yake pana sehemu iliyo laini zaidi. Na ndani kabisa kiini, chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Asidi hutoboa ganda kwa tundu dogo, kisha uozo hupanuka chini yake, kama mchwa ndani ya mlango ambao rangi yake ingali nzima. Kwa hiyo tundu lionekanalo dogo laweza kuwa na shimo kubwa. Maadamu uozo haujafika kwenye kiini, jino laweza kuzibwa. Ukisha kufika, maumivu huwa makali, hasa usiku, na mwisho jipu hutokea.

IV. Njia Iliyoanza Tanzania

Zamani kuziba jino kulihitaji keekee ya umeme, maji ya bomba, na kiti cha kazi hiyo. Mambo ambayo vijiji vingi havikuwa nayo. Kwa sababu hiyo, katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken pamoja na wenzake wa chuo cha meno cha Dar es Salaam walianza kujaribu vyombo vya mkono peke yake, na kuziba kwa saruji inayonata katika jino. Njia hiyo ikapimwa kwa majaribio makubwa huko Thailand tangu 1991 na Zimbabwe tangu 1993. Na mwaka 1994, katika Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Yafaa walimu wetu wajue ya kwamba elimu hii ilitoka hapa ikaenda ng'ambo.

Saruji itumikayo sasa huitwa glasi ionoma. Iliwekwa wazi na Waingereza Alan Wilson na Brian Kent mwaka 1972. Ni unga wa kioo uchanganywao na maji ya asidi isiyo kali. Hushikamana na jino lenyewe, tena hutoa kidogo kidogo madini ya floraidi ambayo hulitia jino nguvu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa zilizo za lazima. Ubora wake mwingine ni kwamba haina zebaki, ambayo imo katika kizibo cha fedha cha zamani, na ambayo mataifa yalipatana kuipunguza kwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013.

V. Vyombo na Kazi

Vyombo ni hivi: kioo kidogo chenye mpini, sindano ya kupapasia, kibano, kishoka cha kupanulia tundu, vijiko vidogo vya kukombea, vyenye ukubwa mbalimbali, chombo cha kutilia na kuchongea saruji, na mwiko wa kuchanganyia. Pamoja navyo huwa pamba, glavu, maji safi, na mafuta ya mgando. Vyombo vya chuma huoshwa, kisha hutiwa katika chungu cha mvuke wa nguvu kwa dakika 15, ili ugonjwa wa mmoja usimpate mwingine.

Mgonjwa hulazwa chali, hata juu ya meza ya darasa. Pamba huwekwa kando ya jino kuzuia mate, kwa maana saruji haipendi unyevu. Tabibu hutia ncha ya kishoka katika tundu na kukizungusha huku na huku, mpaka kijiko kipite. Kisha hukomba uozo laini, akianza kandokando chini ya ganda, na kumalizia chini ya shimo kwa mkono mwepesi, maana kiini ki karibu. Lililo gumu huachwa. Kwa kuwa hukata kilichokufa tu, maumivu ni machache, na mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiwi.

Ndipo shimo huoshwa kwa dawa, husafishwa kwa maji, na kukaushwa kwa pamba. Saruji huchanganywa upesi, kwa muda usiozidi nusu dakika, ikatiwa mara moja. Tabibu hupaka kidole mafuta ya mgando na kukikandamiza juu ya jino, ili saruji ijae kila pembe na mianya midogo pia. Inayozidi huondolewa, mgonjwa huambiwa aume, ili ionekane kama kizibo kimezidi kimo, naye hukatazwa kula kwa muda wa saa moja.

VI. Mipaka, na Kazi ya Mwalimu

Njia hii haifai kwa kila jino. Jino lenye jipu, au ambalo kiini chake kimefunuliwa, halizibwi hivi. Lataka matibabu ya mzizi au kung'olewa. Tundu la upande mmoja hudumu vizuri. Lenye kukata pande mbili huachia mapema zaidi. Mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba hutuliza maumivu, na matabibu huyachanganya na unga wa zinki kupata kizibo cha muda. Lakini hayaponyi uozo. Tena, wepesi wa vyombo usimdanganye mtu asiyefundishwa. Mwalimu asishike kishoka.

Kazi yake ni kutazama mapema. Mtoto afikapo miaka sita, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya magego ya utoto, pasipo jino lolote kutoka. Wazazi wengi hudhani ni jino la utoto, wakaliacha lioze kwa kuwa litabadilishwa. Halibadilishwi. Ndilo litakalomtafunia mpaka uzee, na huingia katika hatari mwaka ule ule mtoto aingiapo shule. Mwalimu aonaye doa jeusi au tundu juu yake na ampeleke mtoto kwa tabibu wa meno kabla ya maumivu, siyo baada yake.

Wala kazi kama hii si ngeni katika misioni za nchi hii. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani na kufundishwa uganga Malta, alifika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889, akawa mkatekista na mganga huko mpaka alipofariki mwaka 1956.

Tungefurahi wasomaji wa Ukonongo na wa nchi za jirani wakituandikia majina ya meno na ya maradhi yake katika lugha zao, pamoja na mithali zinazohusu jambo hili; hasa kama iko inayosema juu ya kuziba.