Je, Wajua? Moto wa Gesi Uani

Baridi ya Juni na Julai ikishaingia Limuru, Nanyuki, Lushoto na Njombe, hoteli na nyumba zenye nafasi siku hizi hutoa nje meko ya gesi ya kuotea moto: bakuli la chuma, au meza ya zege yenye moto katikati na mtungi uliofichwa chini yake. Hakuna kuni za kupasua, hakuna moshi machoni, hakuna majivu ya kuzoa. Muuzaji atakuonyesha rangi na umbo. Yaliyobaki ndiyo haya.

Je, wajua kuwa gesi ya mtungi haipai? Propani ina uzito wa kama mara 1.5 ya hewa, na butani kama mara 2. Ikivuja hushuka chini, ikatambaa sakafuni, ikaingia mferejini au kwenye ngazi za kushukia stoo, na kutulia huko ikingoja cheche. Lita 1 ya propani ya maji huwa kama lita 270 za gesi, na hewa yenye propani zaidi kidogo ya 2% inatosha kuwaka. Ndiyo maana meza ya moto iliyotengenezwa vizuri huwa na matundu chini kabisa ya kabati la mtungi. Ukikuta fundi ameyaziba ili panya wasiingie, mwambie ayazibue na aweke wavu.

Je, wajua kuwa gesi ya Songo Songo ina tabia ya kinyume? Hiyo ni gesi asilia, sehemu yake kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa, na ikivuja hupanda juu. Baadhi ya nyumba za Mikocheni, Dar es Salaam, huipata kwa bomba. Meko iliyotengenezwa kwa gesi ya bomba usiiunganishe na mtungi. Ujazo uleule wa propani una joto la kama mara 2.5 ya gesi asilia, na tundu la kichomeo cha gesi asilia ni pana zaidi, kwa hiyo moto utaruka juu ya vichwa vya wageni. Soma kibandiko kilicho chini ya meko kabla hujalipa.

Je, wajua kuwa moto wa gesi kwenye kaburi la rais wa Marekani uliwahi kuzimwa na maji ya baraka? Jacqueline Kennedy aliuwasha mwenge kwenye kaburi la mumewe huko Arlington, Virginia, tarehe 25 Novemba 1963. Ulikuwa mwenge wa muda, ukilishwa propani. Wiki mbili baadaye, tarehe 10 Desemba, watoto wa shule ya Kikatoliki walikuwa wakiunyunyizia maji ya baraka, kifuniko cha chupa kikachomoka, maji yote yakamwagika, moto ukazimika. Mtumishi wa makaburi aliuwasha tena upesi. Mwenge wa kudumu uliojengwa baadaye una kifaa cha umeme kinachotoa cheche, ili upepo au mvua ikiuzima uwake wenyewe.

Uani kwako hakuna mtumishi anayelinda moto. Upepo ukiuzima huku watu wamezama kwenye mazungumzo, gesi itaendelea kutoka kimyakimya. Kazi ya kuifunga hufanywa na themokapo, ambayo ni metali mbili tofauti zilizounganishwa kwenye ncha inayokaa ndani ya moto. Ncha ikipata joto huzalisha umeme mdogo sana, milivolti 20 au 30 hivi, na umeme huo ndio unaoshikilia valvu ikae wazi. Moto ukifa, ncha inapoa, umeme unakatika, valvu inajifunga. Kanuni hiyo iligunduliwa na Thomas Johann Seebeck mwaka 1821, na mpaka leo haihitaji betri. Meko isiyo na themokapo mimi nisingeichukua hata kama imetiwa marumaru pande zote. Kuijua dukani ni rahisi: ukiwasha, ile yenye themokapo hukulazimisha kubonyeza kitufe kwa sekunde kadhaa mpaka ncha ipate joto. Inayowaka na kukaa mara tu unapozungusha koki, muulize muuzaji kwa nini.

Je, wajua kuwa Paris kuna moto wa gesi uliowashwa tarehe 11 Novemba 1923, kwenye kaburi la askari asiyejulikana chini ya Arc de Triomphe? Kila jioni saa kumi na mbili na nusu hufanyika hafla ya kuuchochea upya.

Je, wajua maana ya namba ya BTU iliyoandikwa kwenye boksi? Ni kiasi cha joto kwa saa. Meko ya BTU 50,000, ya kawaida kwa meza kubwa, hula gesi kilo 1 na ushei kila saa ikifunguliwa yote. Mtungi wa kilo 6 hautamaliza saa sita. Ule wa kilo 13 wanaoutumia Kenya utafika kama saa kumi na mbili, na wa kilo 15 wa Tanzania utasogea mbele kidogo. Piga hesabu hiyo kwa bei ya gesi ya mtaani kwenu. Wengi wakishapiga, huamua kwamba BTU 20,000 zinatosha.

Tena mtungi mdogo hauwezi kuilisha meko kubwa kwa muda mrefu. Gesi ya maji inapogeuka mvuke hunyonya joto la mtungi wenyewe, mtungi ukapoa, ukatoa jasho, wakati mwingine ukashika barafu kwa nje, na moto ukanywea ilhali gesi ingali nusu. Usiumwagie maji ya moto, wala usiusogeze karibu na moto ili upate joto. Punguza koki.

Je, wajua kuwa Nairobi moto huwaka tofauti na Mombasa? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi zaidi. Mafundi wa Marekani hupunguza nguvu ya kichomeo kwa 4% kwa kila futi 1,000. Isipopunguzwa, gesi huizidi hewa, moto hurefuka na kutoa masizi. Moto wa njano kidogo ni wa kawaida, kwani meko za aina hii hutengenezwa ili zipendeze. Masizi meusi kwenye mawe ni dalili ya hewa kutotosha, na penye hewa pungufu hutoka kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Kwa hiyo meko hii haiingii ndani: si sebuleni, si kwenye hema, si kwenye baraza lililozungushiwa maturubai.

Je, wajua kuwa jiwe la mtoni linaweza kupasuka kama risasi? Maji yaliyojificha ndani yake yakigeuka mvuke hutanuka kama mara 1,700. Tumia mawe ya volkano yenye vitundu, au vipande vya kioo maalumu cha meko. Chupa za soda zilizovunjwa hazifai. Hata mawe ya volkano yakinyeshewa, washa moto mdogo kwanza na watu wakae kando.

Makuti na meko ya gesi havipatani. Mita 3 kutoka ukutani na kwenye mti, na juu pawe wazi. Mtungi usimame wima daima, maana ukilazwa gesi huweza kutoka ikiwa bado maji. Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni kwenye mpira na regyuleta, kamwe si kwa kiberiti.

Je, wajua kuwa ile harufu ya yai viza haitokani na gesi? Ni ya kemikali inayoongezwa kiwandani. Tarehe 18 Machi 1937 gesi asilia isiyo na harufu ililipuka katika shule ya New London, Texas, ikaua karibu watu 300, wengi wao wanafunzi, na sheria ya kutia harufu ikafuata. Tumbusi wa Amerika mwenye kichwa chekundu hutafuta mizoga kwa kunusa, na kemikali hiyo humvuta, kiasi kwamba wafanyakazi wa mabomba California waliwahi kutafuta palipovuja kwa kutazama tumbusi wanapozungukia. Wa kwetu wasingesaidia. Wao hutegemea macho.

Je, wajua kuwa buibui hupenda mirija ya gesi? Mwaka 2011 Mazda iliyaita gereji magari zaidi ya 50,000 nchini Marekani kwa sababu buibui walikuwa wakisuka utando ndani ya mirija ya tangi la mafuta. Meko iliyokaa miezi bila kuwashwa hupatwa na hayohayo: utando huziba njia ya hewa, na moto hurudi nyuma kwenye mrija. Kabla ya msimu wa baridi, funga mtungi, fungua kichomeo na upitishe brashi nyembamba.