Ng'oa magugu uani bila kuhatarisha watoto

MVUA za masika zikianza Kakamega, mwenye nyumba hana haja ya kuuliza kama magugu yameota. Leo ua ni safi, wiki ijayo kishona-nguo kimechipua kila pembe, ndago zimetoboa ardhi na sangari zimetambaa hadi kwenye maua.

Si ajabu. Mji huu hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na udongo wake haukai mtupu. Usipoupanda wewe, utajipanda wenyewe.

Katika mitaa kama Milimani, Amalemba na Lurambi, wengi hukimbilia njia ya mkato. Kijana huitwa na pampu mgongoni, hunyunyiza dawa asubuhi, na baada ya siku chache magugu yamekauka. Kazi imekwisha, au ndivyo tunavyodhani.

Lakini ua ndio uwanja wa watoto. Hapo hutambaa mtoto mchanga, na hapo hudonoa kuku wa kienyeji ambaye mgeni wa Jumapili ataandaliwa. Kando ya ua huota mrenda na mnavu, mboga ambazo mama huchuma jioni bila kujua kilichonyunyizwa mchana. Mvua ikinyesha, dawa husombwa na maji kupitia mitaro hadi mto Isiukhu.

Hatari iliyo kubwa zaidi

Kuna dawa za magugu za aina nyingi, na hatari zake si sawa. Mbaya kuliko nyingine ni parakwati. Mafundo machache tu yanaweza kumuua mtu mzima, kwani huharibu figo na kuyafanya mapafu yawe na makovu hadi mgonjwa ashindwe kupumua. Haina dawa ya kuiondoa makali mwilini. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2007.

Kuhusu glaifosati, ambayo hutumika sana, wataalamu hawajaafikiana. Machi 2015, kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kilisema yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Mashirika yanayosimamia dawa hizo Marekani na Ulaya hayakukubali uamuzi huo.

Zaidi ya yote, jihadhari na tabia ya kununua dawa kidogo na kuitia katika chupa ya soda. Mtoto haulizi chupa ina nini. Anajua soda ni tamu.

Iwapo mtu amekunywa dawa ya aina hii, usimtapishe wala usingoje aonyeshe dalili. Mkimbize hospitalini na umbebee daktari mkebe au karatasi yenye jina la dawa. Ikimwagika mwilini, vua nguo zilizolowa na uoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, suuza kwa maji safi kwa dakika 15.

Nyasi nene ndiyo dawa

Habari njema ni kwamba ua unaweza kuwa safi bila sumu. Siri ni kwamba magugu hupenda mahali palipo wazi. Nyasi zikiwa nene, mbegu zake hukosa mwanga na nafasi.

Kosa linalotendwa na wengi ni kukata nyasi hadi ardhi ionekane, wakidhani watapumzika muda mrefu. Nyasi za Kikuyu, ambazo hustawi sana hapa, ziachwe na urefu wa sentimita tano hivi. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Zikirefuka kupita kiasi, zipunguze kwa awamu, kwani hakuna anayetaka nyoka ajifiche mlangoni.

Penye kipara, pachimbue na upande vipande vya nyasi zenye mizizi mvua inapoanza. Weka mbolea ya samadi, lakini iwe imeoza barabara. Samadi mbichi huja na mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai.

Kung'oa pia kuna ujuzi. Fanya kazi hiyo siku moja baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na kabla gugu halijatoa maua. Kishona-nguo hung'oka kwa mkono. Sangari hutaka jembe uma, kwa sababu kila kipande cha mzizi kinachobaki huota upya. Ndago nazo huacha vijinundu chini; zisipochimbuliwa tena na tena hazikomi. Lile gugu la majani matatu machachu, ambalo watoto hupenda kutafuna, lina vitunguu vidogo vinavyopukutika ukilivuta kwa nguvu. Lichimbe pamoja na udongo wake.

Vaa glavu na viatu vilivyofunika miguu, kwani kigae au msumari wenye udongo huweza kuleta pepopunda. Piga magoti badala ya kuinama, mgongo utakushukuru. Nusu saa ya kung'oa magugu ni mazoezi mazuri kwa mtu anayeshinda kitini ofisini.

Kwenye vitalu vya maua

Katika vitalu, funika udongo kwa majani makavu, nyasi zilizokatwa kabla ya kutoa mbegu, au makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari guru, ukiyapata. Tandaza unene wa sentimita tano hadi nane, lakini usiyabananishe na mashina yasije yakaoza.

Panda pia mimea inayotambaa ili ifunike ardhi. Wakulima wa magharibi mwa Kenya wanaijua mbinu hii. Katika kilimo cha vuta-sukuma, kilichobuniwa na wataalamu wa taasisi ya ICIPE huko Mbita, desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake hutoa kemikali zinazozichochea mbegu za striga kuota, kisha huzuia mche wa striga usishike mizizi ya mahindi, nao hufa. Ni mmea unaopigana na mmea, bila pampu.

Kwa kitalu kilichoshindikana, ngoja kiangazi cha Januari. Lowesha udongo, ufunike kwa karatasi ya plastiki isiyo na rangi na ubane kingo zake kwa wiki nne hadi sita. Joto la jua litaua mbegu nyingi zilizo karibu na uso wa udongo.

Magugu ya kwenye nyufa za saruji yamwagie maji yanayochemka, watoto wakiwa mbali. Siki ya jikoni huchoma miche michanga, lakini haifiki kwenye mizizi. Chumvi iache jikoni, kwani huharibu udongo na hakuna kitakachostawi hapo kwa muda mrefu.

Njia hizi hazimalizi kazi kwa siku moja. Anza na sehemu ndogo, uipitie kila Jumamosi kabla magugu hayajatoa mbegu, nayo yatapungua msimu baada ya msimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na gugu moja moja likibaki kati ya nyasi, liache. Halijawahi kumpeleka mtoto hospitalini.