Seva Iliyokula "Ha"

Siku ya pili ya majaribio, mwenyekiti aliyekuwa nasi Musoma alimuuliza mhasibu wa tawi la Bunda swali la kubuni tu, la kujaribia mitambo: je, tawi lake litalipia ukarabati wa jengo mwezi huu?

"Tutalipa, Mwenyekiti," akajibu mama yule, sauti safi kama yuko chumba cha pili.

Mwenyekiti akashukuru, katibu akaandika. Tulikuwa tumeshahamia Butiama pale Bunda iliporudi hewani kwa ukali: "Jamani, mimi nimesema hatutalipa! Ha-tu-ta-li-pa!"

Mama hakukosea, wala masikio yetu hayakukosea. Seva mpya, ambayo nilikuwa nimeifunga kwa mikono yangu juzi yake, ilikuwa imekula "ha".

Seva ya mikutano ya sauti ni kompyuta inayopokea simu nyingi kwa wakati mmoja na kuzichanganya. Unapiga namba moja, unaingiza namba ya siri, unaingia kwenye chumba kisicho na kuta pamoja na wenzako. Ndani humo seva inajumlisha sauti za wote, mara hamsini kila sekunde, na kabla ya kumrudishia kila mtu jumla hiyo inatoa sauti yake mwenyewe, la sivyo angejisikia akiongea. Watu kumi wanapokuwa kikaoni, basi, seva inapika vyungu kumi tofauti.

Tatizo ni kwamba kinachoingia chunguni si maneno peke yake. Honi za stendi ya Bunda zimo, jogoo wa Butiama yumo, na mvua ikipiga bati kwa mjumbe mmoja, wote mnanyeshewa. Hata ukimya una kelele zake. Simu ishirini ambazo wenyewe wamenyamaza, kila moja ikileta mvumo mdogo usiosumbua mtu, kwa pamoja huleta mvumo wenye nguvu mara ishirini, yaani desibeli 13 zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wameweka kilango kwenye kila laini. Mtu akinyamaza, kilango hujifunga. Akianza kusema, seva husikiliza kwanza kidogo ihakikishe kuwa huyu kweli ni mtu na si pangaboi, kisha hufungua. Katika hicho kidogo ndimo silabi ya kwanza inamopotelea.

Kwa Kiingereza hasara yake ni ndogo, kwa sababu neno la kukana hukaa katikati ya sentensi, na kilichokatwa mwanzoni msikilizaji hukikisia. Kiswahili kinaweka kukana kwake mlangoni kabisa, na mara nyingi kinaanza na h, sauti ambayo si chochote ila pumzi. Kata hapo, "hawatakuja" inakuwa "watakuja". Mbaya zaidi, "hatukubali" inakuwa "tukubali". Sentensi haivunjiki, sarufi imetimia, na hakuna anayeshtuka, ila maana imegeuka kichwa chini miguu juu. Sidhani kama aliyeandika programu ile aliwahi kulifikiria hilo, na simlaumu. Lawama ni yangu niliyefunga mtambo na kuupima kwa "halo, halo, moja, mbili".

Nililegeza kilango hicho hadi kikawa karibu wazi muda wote, na wajumbe wakafundishwa kuzima vinasa sauti vyao wenyewe kwa kubonyeza tarakimu moja wanapokuwa si wasemaji. Karatasi yangu ya majaribio nayo nikaiandika upya. Sasa mtu wa kila kituo anasoma maneno kwa jozi na wa kituo kingine anaandika alichosikia: hatutalipa na tutalipa, saba na shaba, faini na saini.

Jozi ya mwisho inastahili maelezo. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400. Mtambo wa simu huchukua sampuli 8,000 za sauti kila sekunde, kila sampuli biti 8, jumla kilobiti 64 kwa sekunde. Kipimo hicho kinatosha kumtambua mama yako kwa neno moja. Lakini msisimko wa s, ule unaoitofautisha na f, sehemu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000, nje kabisa ya mlango huo. Mkiwa ana kwa ana macho husaidia masikio, kwa kuwa f hung'ata mdomo. Kwenye simu hakuna mdomo. Kwa hiyo mjumbe akisema watu watano "wameshaweka saini", katibu anaweza kabisa kuandika kwamba wamelipa faini. Hili halina kitufe cha kurekebisha. Simu mpya zinazopiga kwa mtandao wa 4G hubeba sauti pana zaidi, hadi hezi 7,000 hivi, ila simu hiyo ikishapitia laini ya kizamani kuingia kwenye seva, upana wote unabanwa tena. Dawa ni katibu kurudia kila uamuzi kwa maneno mengine kabla ya kuandika.

Tukitoka kwenye maneno, tuje kwenye laini zenyewe. Pale Musoma seva ilipewa njia mbili za kupokea simu: laini nne za waya wa shaba, na kumi zinazopita kwenye intaneti. Kuna waliopendekeza njia ya tatu, kisanduku chenye laini nyingi za simu za mkononi. Nilikikataa, kwa kuwa vifaa vya namna hiyo ndivyo wajanja hutumia kuziingiza simu za nje ya nchi kana kwamba zimepigwa humu ndani, jambo ambalo ni kosa la jinai, na sikutaka taasisi yenye watu waungwana ije kujieleza kwa jambo isilolifanya.

Waya wa shaba una ujinga mmoja ambao wengi hawaujui mpaka uwaumbue. Mtu aliyepiga akikata simu, waya haupeleki taarifa yoyote ya maana kwa seva. Kinachobaki ni ule mlio wa tuu, tuu, tuu, na seva inapaswa kuusikia, kuutambua, na kukata upande wake. Seva yetu ilitoka kiwandani ikiwa imefundishwa mlio wa Marekani, ambao ni sauti mbili zinazopigwa pamoja, hezi 480 na 620. Mlio wetu haukufanana na huo. Kwa hiyo mzee mmoja wa Butiama alipoaga na kukata simu yake kwa adabu zote, laini yake ilibaki kikaoni, na seva, ikidhani bado ni mtu anayezungumza, ikatupatia mjumbe mpya anayesema tuu, tuu, tuu bila kupumua. Wengine wakaacha kuongea ili amalize.

Kipimo chake ni rahisi. Piga kutoka nje, ingia, kata, kisha hesabu sekunde mpaka seva iiachie laini. Zikizidi kumi, urekodi mlio huo, upime hezi zake na urefu wa kila tuu, uiandikie seva. Fanya hivyo kwa kila laini, maana nne zilizoingia kwa nguzo moja si lazima ziwe na tabia moja. Kwenye waya huohuo usisahau kizuia radi na waya wa kwenda ardhini. Mwambao huu wa Ziwa Victoria una radi zisizo na mzaha, na shaba iliyotandazwa juu ya nguzo ni mwaliko.

Ndugu wa kasoro ile ya mlio hutokea seva inapopiga simu yenyewe. Wajumbe wengi wa vijijini hawana salio la kukaa kikaoni saa nzima, hivyo tuliiwekea seva utaratibu wanaouelewa: wanabipu, seva inaitambua namba na kuwapigia. Ukimpigia mtu aliyezima simu, anayejibu ni yule dada wa mtandao mwenye habari kwamba mteja hapatikani. Seva haijui kuwa huyo si mtu. Imesikia sauti, ikaikaribisha. Dada akaeleza habari yake kikaoni kwa Kiswahili, akairudia kwa Kiingereza, mwenyekiti akasubiri amalize. Sasa yeyote anayepigiwa hawekwi chumbani mpaka abonyeze 1, na dada yule hana vidole.

Kubonyeza nako kunapimwa. Kila tarakimu ya simu ni sauti mbili kwa pamoja. Ukibonyeza 5, kwa mfano, ni hezi 770 na 1,336. Simu ya mkononi haipitishi mlio huo pamoja na sauti yako. Hutuma ujumbe, na mtandao ndio unaoupiga mlio mbele ya safari. Ujumbe huo unaweza kufika kwa njia mbili mara moja, kama mlio na kama taarifa, na seva ikahesabu zote. Namba ya siri 4471 ikasomeka 44471, mlango ukagoma, na mjumbe akaambiwa na seva, kwa Kiingereza cha kiwandani, kwamba amekosea. Jaribu kila mara kwa namba zenye tarakimu pacha, na kutoka kila mtandao wanaoutumia watu wako: Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL, na Yas, ile iliyokuwa Tigo. Kila mtandao una njia yake ya kukufikia, na kupita kwa mmoja hakumdhamini mwenzake. Maelekezo nayo rekodi kwa Kiswahili. Sema "alama ya reli", watu wote wanaijua.

Ucheleweshaji wa sauti naupima kwa mchezo usiohitaji kifaa. Watu wawili wanahesabu kwa kupokezana, mmoja akisema moja, mwingine mbili, mpaka 21, bila kuvuta. Kwanza wanafanya wakiwa meza moja na saa mkononi, kisha kupitia seva, mmoja Bunda na mwenzake Butiama. Mezani watu wetu walitumia sekunde 11. Kwa seva, 18. Ziada ya sekunde 7 ukiigawa kwa mapokezano 20 unapata milisekunde 350 za safari ya upande mmoja. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano linaona milisekunde 150 kuwa sawa kwa mazungumzo mengi, na linataka 400 isivukwe. Tulikuwa tunauchungulia ukingo. Dalili yake huhitaji hesabu kuijua: wawili wanaanza pamoja, wote wanakoma, wote wanasema "endelea wewe", kisha wanaanza tena pamoja. Kwenye laini za intaneti nilikuta seva inaziwekea sauti akiba kubwa mno, ikisubiri vipande vinavyochelewa. Nilipoipunguza, tulihesabu kwa sekunde 15.

Kisha ikaja ile ninayoiita siku ya harusi, ya wote kupiga pamoja. Mdenmark Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni ya kukadiria laini zinazotosha, na mafundi wanaitumia hadi leo. Kwa kanuni yake, laini 10 zikibeba mzigo wa wastani wa simu 5, chini ya simu 2 kati ya 100 zitakuta nafasi imejaa. Ila Erlang alichukulia kwamba kila mpigaji anapiga kwa wakati wake, bila kujua ya mwenzake. Kikao ni kinyume chake kabisa. Wote wameambiwa saa tatu kamili, na wote wanapiga saa tatu kamili. Laini zetu ni 14, nikawaomba watu 16 wapige mara moja. Wawili walikosa, kama nilivyotarajia, lakini nilitaka kusikia wanakosaje. Walipata ukimya mtupu badala ya mlio wa kuwaambia laini zimejaa, na mtu anayepata ukimya hudhani simu yake ni mbovu. Hilo likarekebishwa siku hiyohiyo.

Na kuhusu hiyo saa tatu. Katibu aliandika 3:00 kwenye ratiba, kama Mswahili yeyote mwenye akili zake. Seva inahesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo ilifungua chumba saa tisa za usiku na kukifunga kabla hata mwenyekiti hajaamka. Ratiba sasa ina neno "asubuhi" kwa herufi kubwa, na 9:00 pembeni yake.

Wapo walioniuliza kwa nini tusitumie tu programu za mikutano kwenye simu janja. Wengine wanatumia, na zina sauti nzuri kuliko hii. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Simu inayotoka Butiama kwenda seva iliyo Musoma haina haja ya kupita baharini.

Jaribio la mwisho lilikuwa la umeme. Kikao kikiwa kimejaa, nilichomoa plagi ukutani. Seva ilibaki hai kwenye betri yake. Kisanduku cha intaneti, ambacho mtu alikuwa amekichomeka kwenye soketi ya kawaida nyuma ya kabati, kikazima, na laini zile kumi zikaondoka kwa mpigo. Chumba kikawa kimya. Zikabaki zile nne za shaba, na kwenye mojawapo alikuwa mlinzi wa ofisi ya Butiama na kitochi chake, ambaye hakuna aliyekuwa amemsikia asubuhi nzima.

"Halo?" akasema. "Hamjaondoka?"

Ilisikika yote, na "ha" yake.