Helloween: Walikosana miaka 24, wakarudi jukwaani wakiwa saba

Bendi ikivunjika, stori huwa ile ile. Mmoja anasema shida ni pesa, mwingine anasema ni madharau, wa tatu anatoa albamu yake peke yake, na mashabiki wanabaki kuomba warudiane. Mara nyingi hawarudiani. Wakirudiana, huwa ni shoo mbili tatu za kujaza mifuko, kila mtu na gari lake.

Helloween ya Ujerumani haikufuata njia hiyo. Oktoba 2017 ilipanda jukwaani Monterrey, Mexico, ikiwa na watu saba, wakiwemo waimbaji wawili ambao ungetarajia wasiangaliane hata usoni. Michael Kiske alikuwa ametimuliwa mwaka wa 1993. Andi Deris ndiye aliyepewa kiti chake. Sasa walikuwa bega kwa bega, wanagawana nyimbo kama ndugu wanaogawana chapati.

Kama hujawahi kusikia power metal, chukua heavy metal unayoijua, ile ya magitaa mazito, kisha uongeze kasi. Miguu yote miwili ya mpiga ngoma inakimbia kama cherehani. Juu yake weka sauti nyembamba inayopaa hadi darini, halafu kiitikio ambacho umati mzima unaweza kukiimba hata kama nusu yao hawajui Kiingereza. Mashairi ni ya mashujaa, wachawi na safari za mbali. Kuna watu hucheka wakiusikia. Wacheke tu. Ni muziki usioona haya kuwa na furaha, na katika metal hilo ni nadra kuliko unavyodhani.

Sasa, wengi wakiulizwa mtindo huu ulipata sura yake wapi, watakutajia jiji la bandari la Hamburg. Ni huko, mwaka wa 1984, ambapo Kai Hansen na Michael Weikath wa gitaa, Markus Grosskopf wa besi na Ingo Schwichtenberg wa ngoma walianza kujiita Helloween. Nembo yao ikawa boga lenye macho na meno. Mwaka uliofuata walitoa Walls of Jericho kupitia Noise Records, albamu ya mbio tupu. Hansen alikuwa akiimba na kupiga gitaa kwa wakati mmoja, na hiyo kazi ilimlemea. Akataka mwimbaji.

Walimpata Kiske, kijana wa miaka 18 aliyekuwa katika bendi nyingine ndogo ya Hamburg. Usikose hapo: miaka 18. Wengine katika umri huo bado tunasubiri matokeo ya KCSE. Sauti yake ilikuwa safi, haina mikwaruzo ya metal ya wakati huo, na ilifika juu bila jasho. Bendi ilitaka kutoa kazi yake iliyofuata kama albamu mbili kwa mpigo, Noise ikakataa, kwa hivyo ikakatwa vipande. Keeper of the Seven Keys ya kwanza ilitoka 1987 na ya pili 1988. Ukitaka kujua kwa nini bendi nyingi za Finland, Brazil, Uswidi na kwingineko zilikuja kupiga hivyo, weka Eagle Fly Free masikioni na usikilize dakika moja ya kwanza. Ngoma za Ingo humo bado zinawatoa jasho wapiga ngoma wa leo.

Juu ya mafanikio hayo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Hansen aliandika I Want Out, kibao kilichobeba ile albamu ya pili, na kabla vumbi la ziara halijatulia akatoka kweli. Alikuwa amechoshwa na safari zisizoisha na mabishano ya ndani kwa ndani. Akaunda Gamma Ray. Nafasi yake ikachukuliwa na Roland Grapow, aliyekuwa akifanya kazi ya ufundi wa magari.

Kisha bendi ikahama Noise kwenda EMI, na Noise ikaenda kortini. Kesi ilizuia Pink Bubbles Go Ape ya 1991 isiuzwe katika masoko mengine kwa muda. Albamu yenyewe, tuseme ukweli, haikuwa na meno. Chameleon ya 1993 iliwachanganya mashabiki zaidi: vyombo vya kupuliza, magitaa matulivu, kila mtunzi akivutia kwake. Binafsi naona ina nyimbo nzuri kuliko sifa zake mbaya, lakini ungekuwa umenunua tiketi kusikia mbio za 1988, ungerudi nyumbani umenuna. Kiske hakutaka tena kufungwa ndani ya metal. Weikath alitaka kurudi kwenye metal. Hawakuwa wakiongea vizuri.

Na katikati ya vita hivyo vya wakubwa, Ingo alikuwa akiumwa.

Watu walimwita Mr. Smile kwa sababu hakuishiwa na tabasamu. Lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuwa akipambana na skizofrenia, huku pombe na dawa za kulevya zikizidisha hali. Grapow alimwandikia wimbo, Step Out of Hell, ambao upo katika Chameleon. Fikiria hilo: unapiga ngoma kwenye wimbo unaokuhusu wewe, unaokuomba utoke shimoni. Ziara ya 1993 ikamshinda, bendi ikatafuta mtu mwingine wa kuimalizia, na hatimaye akaachishwa kazi. Mwaka huo huo Kiske naye akaondolewa. EMI ikawaacha.

Machi 8, 1995, Ingo alijitoa uhai jijini Hamburg. Alikuwa na miaka 29.

Ni rahisi kukaa Nairobi miaka thelathini baadaye na kulaumu. Wenzake walikuwa vijana, walikuwa na kesi, madeni na ziara, na hakuna aliyekuwa amewafundisha kumshika mtu ambaye akili yake inamgeuka. Wengi wetu tunamjua msee wa aina hiyo mtaani: wa kuchekesha watu, halafu siku moja anaanza kunyamaza, halafu mbogi inachoka kumtafuta. Waliobaki waliomboleza kwa njia waliyoijua. Hansen, akiwa na Gamma Ray, alimwandikia Afterlife katika albamu ya Land of the Free mwaka huo huo. Helloween nao wakamtunukia The Time of the Oath ya 1996. Bendi mbili zilizotengana zikimlilia mtu mmoja, kila moja kwenye albamu yake.

Deris aliingia 1994 kutoka Pink Cream 69 na akaokoa jahazi. Master of the Rings iliwarudisha kwenye metal, ingawa Grapow alitumia nafasi hiyo kumpiga Kiske kijembe kwa wimbo Mr. Ego. Sauti ya Deris ina kokoto, haipai kama ya Kiske, na kwa miaka mingi kuna mashabiki waliomkumbusha hivyo kana kwamba yeye hajui. Hakulegea. Grapow mwenyewe alitimuliwa 2001 pamoja na mpiga ngoma Uli Kusch, wakaenda kuunda Masterplan. Sascha Gerstner akaja na gitaa, Dani Löble akaja na ngoma mwaka wa 2005. Ukihesabu waliopitia hapo utadhani ni matatu ya Githurai.

Kiske yeye alijitenga. Alisema wazi kwamba metal haimhusu tena, na Tobias Sammet alipomwomba aimbe katika mradi wa Avantasia, albamu ya kwanza ya 2001 ilimwandika kwa jina la bandia, Ernie. Sauti ile, jina Ernie! Nani alidanganyika? Polepole barafu ikaanza kuyeyuka. Hansen alizunguka dunia na Helloween, Gamma Ray wakiwa wageni wao, na mwishoni mwa shoo wote walipanda kupiga nyimbo za zamani. Kisha Hansen akajiunga na Kiske katika Unisonic. Waliokuwa hawajapatana bado walikuwa Kiske na Weikath, na hao walipokutana ana kwa ana nyuma ya jukwaa la tamasha fulani, wakagundua kinyongo kilikuwa kimeishiwa na nguvu.

Ziara ya Pumpkins United ilipotangazwa Novemba 2016, swali langu halikuwa Kiske. Lilikuwa Deris. Umeishikilia kazi kwa zaidi ya miaka ishirini, umeimba albamu nyingi kuliko mtu yeyote katika bendi hiyo, halafu anarudi yule ambaye jina lake huitwa na umati ukiwa umesimama hapo hapo. Wangapi wangekubali? Deris alikubali, na ukitazama rekodi za shoo hizo, zilizokaribia saa tatu, utamwona akimtania Kiske na kumwachia nyimbo za Keeper bila kuonyesha kwamba zinamuuma. Bila moyo huo, hakuna saba.

Ziara ilivyoenda, wakaamua kubaki hivyo. Albamu waliyoiita Helloween ilitoka Juni 2021 na kuingia nambari moja Ujerumani, jambo ambalo hata enzi za Keeper hawakulipata. Agosti 2025 wakaongeza Giants & Monsters, watu wale wale saba.

Wa nane hakusahaulika. Katika ziara ya 2017 na 2018, kila usiku taa zilififia na Ingo akatokea kwenye skrini kubwa, nywele zikiruka, akipiga ngoma zake za miaka ya themanini. Löble, aliyekuwa ameketi chini ya skrini hiyo, alikuwa akimjibu: Ingo anapiga, Dani anajibu, umati unaita jina la aliyekufa. Na walipoingia studio kurekodi albamu ya 2021, Löble aliweka kando ngoma zake mwenyewe. Walizitoa zile alizopigia Ingo enzi za Keeper, wakazifunga upya, akaketi nyuma yake.