Mti, Ua na Ndege Katika Alama Takatifu za India

0. Utangulizi

Mwanafunzi anayesoma maandiko ya kale ya Bara Hindi, iwe kwa njia ya tafsiri za Kifaransa au za Kiswahili, hukutana karibu katika kila ukurasa na mti, ua au ndege. Mara nyingi huvipita upesi, akidhani kwamba hayo ni mapambo ya mshairi, au kwamba ni mambo ya imani yasiyomhusu mtu asiye Mhindu wala Mbudha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume chake. Tunadai kwamba chini ya alama nyingi takatifu za India kuna jicho lililotazama kiumbe halisi kwa uangalifu mkubwa, na kwamba asiyekijua kiumbe hicho hawezi kuifahamu alama wala kuifasiri ipasavyo.

Tutaanza na miti ya jamii ya mikuyu. Kisha tutaeleza habari za ua la maji liitwalo padma, na baadaye za ndege wawili wa utenzi wa Ramayana. Mwishoni tutajiuliza swali ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote: je, kukitukuza kiumbe katika kitabu kunatosha kukihifadhi kisitoweke duniani?

1. Mikuyu na siri ya ua lisiloonekana

Katika mihuri ya mawe ya ustaarabu wa bonde la mto Indus, iliyochongwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, tayari tunaona jani lenye umbo la moyo na ncha ndefu mithili ya mkia. Ni jani la mpipali, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus religiosa. Kikonyo chake ni kirefu na chembamba, hivyo jani hutikisika hata upepo ukiwa hafifu kiasi kwamba miti ya jirani imetulia tuli. Si ajabu kwamba watu waliouona mti huo ukinong'ona peke yake waliamini kwamba unakaliwa. Chini ya mti wa namna hiyo, mahali panapoitwa leo Bodh Gaya katika jimbo la Bihar, Budha alipata mwangaza wa akili. Tarihi za Sri Lanka husimulia kwamba katika karne ya 3 kabla ya Kristo Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, alipeleka tawi la mti huo kisiwani, nalo likapandwa Anuradhapura. Mti unaoheshimiwa hapo hadi leo husemekana kuwa ndio huo.

Ndugu wa mpipali ni mti ambao Kisanskriti huuita nyagrodha, yaani "unaokua kuelekea chini". Jina hilo ni maelezo kamili ya kibotania katika neno moja. Matawi yake huteremsha mizizi hewani. Mizizi ikifika ardhini hunenepa na kuwa nguzo, na nguzo hulibeba tawi lipate kuendelea mbele. Katika bustani ya mimea ya Howrah, karibu na Kolkata, iliyoanzishwa mwaka 1787, upo mti mmoja wa aina hiyo uliotimiza zaidi ya miaka 250. Shina lake la asili lilishambuliwa na kuvu, likaondolewa mwaka 1925. Mti haukufa. Unaendelea kusimama juu ya maelfu ya mizizi yake, na mgeni akiutazama kwa mbali hudhani ni msitu. Mti uliopoteza shina na bado unaishi: ni nani atakayeshangaa kwamba watu waliufanya kuwa alama ya uhai usiokoma?

Hapa mwanaisimu wa Kiswahili hana budi kusimama kidogo. Wazungu waliuita mti huo kwa jina la wafanyabiashara wa Gujarati waliozoea kukutana kivulini mwake. Jina la wafanyabiashara hao ndilo lililoingia pia katika Kiswahili cha pwani likawa Baniani, nalo tunalijua sote kutokana na methali "Baniani mbaya, kiatu chake dawa". Neno moja, basi, lilifuata njia mbili za bahari: upande mmoja likabaki kuwa jina la watu, upande mwingine likawa jina la mti.

Mkuyu wa tatu ni udumbara. Katika maandiko ya Kibudha, ua la udumbara ni mfano wa kitu adimu mno, kitu ambacho mtu aweza kuishi na kufa asikione. Msomaji atafikiri kwamba huo ni utiaji chumvi wa kishairi. Lakini tuulize sayansi ya mimea. Kile tunachokiita tunda la mkuyu si tunda la kawaida. Ni kikoba kilichojifunga, na maua mamia madogo yamo ndani yake. Nyigu wa kike, mdogo kuliko punje ya mchele, hupenya katika tundu jembamba la kikoba, mara nyingi mabawa yake yakikatika njiani. Humo ndani huyachavusha maua, hutaga mayai, na hufa. Watoto wake wa kike watatoka wakiwa wamebeba chavua kwenda kwenye mkuyu mwingine. Kwa kawaida kila aina ya mkuyu ina nyigu wake, na mmoja akikosekana mwenziwe hawezi kuzaa. Kwa hiyo walionena kwamba ua la udumbara halionekani hawakukosea: walikuwa wameuchunguza mti mwaka mzima, wakaona matunda yasiyotanguliwa na ua lolote. Msomaji wetu hana haja ya kusafiri hadi India ili kuyathibitisha hayo. Mikuyu ya Kongo hufuata kanuni iyo hiyo. Kisu kidogo na subira vinatosha.

2. Ua lililozaliwa topeni

Kisanskriti kina majina mengi ya ua la maji linaloshikwa mkononi na miungu na kukaliwa na Budha katika sanamu. Mojawapo ni padma, jingine ni kamala. Lililo maarufu kwa wanafunzi wa mofolojia ni pankaja, neno ambatani lililoundwa kwa panka, yaani "tope", na ja, yaani "-liozaliwa". Basi ua hilo ni "lililozaliwa topeni". Mmea huota katika matope meusi ya dimbwi, lakini jani lake hubaki safi daima. Maji yakidondokea juu yake hujikunja kama lulu na kuteleza. Bhagavad Gita hutumia mfano wa jani hilo kumweleza mtu atendaye kazi duniani pasipo kuchafuliwa na tamaa.

Kwa karne nyingi mfano huo ulikuwa mali ya wahubiri na washairi. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Bonn, Ujerumani, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, walichapisha maelezo ya sababu yake. Jani linaloonekana laini kwa macho limejaa vinundu vidogo mno vilivyofunikwa kwa nta. Tone la maji hugusa ncha tu za vinundu hivyo, halipati mahali pa kushika, hivyo huviringika na kuchukua vumbi lote linalolikuta njiani. Tangu hapo viwanda vimeiga ufundi huo katika kutengeneza rangi za kuta zinazojisafisha. Sayansi haikuibatilisha alama, iliieleza.

Kwa mfasiri wa Kiswahili mmea huu ni mtihani. Tunalo neno yungiyungi, nalo ni zuri, lakini hutaja mmea mwingine: jani la yungiyungi hulala juu ya maji na lina mpasuko, ilhali jani la padma ni duara kamili na husimama juu ya maji kama mwavuli uliogeuzwa. Wahindi wa kale walizitofautisha aina hizo bila wasiwasi. Katika ushairi wao padma hufunguka kwa jua, na kumuda, ambalo ndilo yungiyungi jeupe la usiku, hufunguka kwa mwezi. Mshairi akiyaweka maua mawili katika beti moja, anazungumza juu ya wapendanao wasioweza kukutana. Mfasiri akiyaita yote mawili "yungiyungi", shairi zima limekufa mikononi mwake. Pendekezo letu ni kulichukua neno padma kama lilivyo, na kuliachia yungiyungi kazi yake ya haki.

3. Ndege wawili wa Ramayana

Mapokeo ya India husema kwamba ushairi wenyewe ulizaliwa kwa sababu ya ndege. Valmiki, anayehesabiwa kuwa mtunzi wa Ramayana, alikuwa kando ya mto Tamasa akiwatazama ndege wawili waitwao krauncha, dume na jike. Mwindaji akampiga dume kwa mshale, na jike akalia juu ya mwili wa mwenziwe. Huzuni ya Valmiki ilimtoka kinywani ikiwa katika mizani kamili. Huzuni kwa Kisanskriti ni shoka. Beti la mizani hiyo likaitwa shloka. Ikiwa etimolojia hiyo ni ya kweli au ni mchezo wa maneno, hilo halipunguzi uzito wa fundisho.

Watafiti wengi humtambua krauncha kuwa korongo mkubwa aitwaye sarus, mwenye kichwa chekundu. Akisimama hufikia kimo cha mita 1.8 hivi, nayo ni kimo kisichofikiwa na ndege mwingine yeyote arukaye. Huishi wawili wawili, kwa kawaida maisha yao yote, na dume na jike huitana kwa sauti zilizopangwa kama waimbaji wa kupokezana. Mtu aliyekwisha kuisikia sauti hiyo ya watu wawili ikikatwa nusu ndiye awezaye kusimulia kisa cha Valmiki.

Ndege wa pili ni Jatayu. Ravana alipomteka Sita na kuruka naye angani, Jatayu mzee alijaribu kumzuia, akakatwa mabawa, akaishi kwa muda wa kutosha tu kumwambia Rama njia aliyopita adui. Tafsiri nyingi humwita "tai". Ni kosa la kuepukwa, kwa kuwa tai aweza kudhaniwa kuwa Garuda, kipandwa cha Vishnu. Jatayu kwa mapokeo ya wengi ni tumbusi, mla mizoga. Utenzi ulimpa heshima ya shujaa ndege ambaye watu wa mataifa mengi humdharau, nao ulikuwa na haki: katika nchi ambamo Wahindu wengi hawali nyama ya ng'ombe, mizoga iliachwa nje ya vijiji, na tumbusi waliimaliza kabla haijaoza.

4. Alama inapolinda na inaposhindwa

Hakuna shaka kwamba heshima ya dini imehifadhi mengi. Katika Maharashtra yapo machaka matakatifu yaitwayo devrai, na katika Kerala yapo yale yaitwayo kavu, ambamo kukata mti ni mwiko. Katika miaka ya 1970, Madhav Gadgil na V. D. Vartak waliyaeleza machaka hayo kuwa mabaki ya misitu ya kale iliyotoweka pande zote. Huko Rajasthan, jamii ya Wabishnoi hukumbuka mwaka 1730, ambapo kwa mapokeo yao watu 363 waliuawa kijijini Khejarli wakiikumbatia miti ya khejri isikatwe. Tausi naye, kipandwa cha Kartikeya, aliwekwa kuwa ndege wa taifa mwaka 1963 na hulindwa na sheria ya wanyama ya mwaka 1972.

Lakini tumtazame tumbusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tumbusi wa India walihesabiwa kwa mamilioni. Kati ya 1992 na 2007, idadi ya tumbusi wa mgongo mweupe ilipungua kwa 99.9 kwa 100. Mwaka 2004 ulitangazwa ugunduzi wa sababu yake: diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi akila mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa karibuni, figo zake huharibika naye hufa. Ilitosha kwamba chini ya mzoga 1 katika 100 uwe na sumu hiyo, kwa kuwa tumbusi wengi hula pamoja. Waparsi wa Mumbai, ambao kwa dini yao huwaachia tumbusi miili ya marehemu, walibaki na minara yao isiyotembelewa na ndege. Mizoga ilioza, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa pamoja nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba kutoweka huko kulichangia vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000 kati ya 2000 na 2005.

Serikali ya India ilikataza diklofenaki ya mifugo mwaka 2006, na mwaka 2023 ikakataza dawa nyingine mbili zenye madhara kama hayo. Katika Pinjore, jimbo la Haryana, tumbusi huzalishwa chini ya uangalizi. Hata hivyo, wale waliokwisha kufa hawarudi.

Tuzingatie ukali wa jambo hili. Katika miaka hiyo yote Jatayu hakuacha kuimbwa, kuchorwa na kuchezwa katika maigizo ya Ramayana. Wala ndege wake hawakuuawa kwa chuki: waliuawa na huruma, yaani na dawa aliyopewa ng'ombe apunguziwe uchungu. Alama ilibaki hai, mwenye alama akafa karibu wote bila kelele.

5. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba waliotunga nyagrodha, pankaja na shloka walikuwa kwanza watazamaji, kisha washairi. Ajabu yao ilitokana na ujuzi. Hatari huanza pale ambapo warithi hupokea alama bila kupokea utazamaji ulioizaa: neno linabaki, na hakuna anayeona kwamba kitu chenyewe kimeondoka.

Kwa idara yetu somo ni la kazi. Mfasiri asiridhike na "mti", "ua" na "ndege mkubwa". Autafute mmea wenyewe, na amjue ndege kwa sauti na kwa chakula chake. Na mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti akumbuke kwamba majina ya mimea na ndege katika lugha zetu yamo vinywani mwa wazee, pamoja na sababu za majina hayo. Akusanye jina, lakini aombe pia aonyeshwe mwenye jina, maadamu bado yupo.