Tuwafundishe Watoto Ilimu ya Asali

Mtoto aliyelelewa Njiru, katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, aghalabu huijua asali ikiwa chupani tu, na akiulizwa yatoka wapi hujibu kuwa yatoka dukani. Ilhali barabara ya Kangundo, ambayo aiona kila siku, ndiyo iendayo Ukambani, nchi ambayo wenyeji wake wametundika mizinga ya magogo mitini tangu zama za mababu zao. Rai yangu ni kwamba ni vitu vichache sana vya jikoni vinavyoweza kumfunza mtoto sayansi na tarehe kwa pamoja kama asali, maadamu mzazi au mwalimu awe na subira ya kumwacha atazame, aulize na ajaribu.

Na aanze kwa kazi ya nyuki mwenyewe. Nyuki kibarua hufyonza mbochi ya maua, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, akaihifadhi katika kifuko kilichotengwa na tumbo la chakula chake. Arudipo mzingani humpa mwenziwe mdomo kwa mdomo, na huyo naye humpa mwingine, huku vimeng'enya vitokavyo katika tezi zao vikiigawanya sukari ya mbochi kuwa glukosi na fruktosi. Kisha huitandaza katika vijumba vya sega na kuipepea kwa mbawa, hata maji yakipungua yasifike sehemu moja katika tano, ndipo wakaziba kila kijumba kwa nta. Hukisiwa kwamba kijiko kimoja kidogo cha asali ni matunda ya uhai wote wa nyuki wapatao 12.

Kwa nini basi asali haiozi upesi kama maziwa? Mtoto na alitafute jawabu kwa mkono wake: atie asali katika kikombe kimoja, na katika kikombe cha pili atie asali iliyochanganywa na maji mengi, avifunike kwa kitambaa na kuviacha siku kadhaa. Cha pili kitaanza kutoa povu na harufu ya uchachu, kwa kuwa hamira zilizomo zimepata maji ya kutosha, na cha kwanza kitabaki salama, kwa kuwa wingi wa sukari huwanyima vijidudu maji ya kuishi. Kwa jaribio hilo hilo ataelewa jinsi wazee wa Kikuyu walivyopika muratina, kinywaji cha harusi na mashauri, kwa asali, maji na tunda la mwegea. Na akiiona asali imeganda na kufanya chembechembe, afundishwe kwamba hiyo si dalili ya udanganyifu, bali ni glukosi ijitengayo kwa tabia yake.

Ama tarehe ya asali katika nchi yetu, hiyo ni hazina. Mwaka 1989 Hussein Isack, mtaalamu wa Kenya, pamoja na mwenzake Reyer, walithibitisha kwa hesabu jambo ambalo Waborana wa kaskazini walilijua tangu kale, ya kuwa ndege aitwaye mlembe humwongoza mwanadamu hadi kwenye nyuki: warinaji wasio na ndege walitumia wastani wa saa karibu 9 kupata mzinga katika nchi wasiyoizoea, na walioongozwa naye walitumia saa 3 na kidogo. Waogiek wa msitu wa Mau wamejenga maisha yao juu ya asali, na tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kwamba kufukuzwa kwao msituni kulivunja haki zao. Katika miaka ya 1970 ulibuniwa mzinga wenye vipande vya mbao vilivyopangwa juu, ambavyo nyuki huning'inizia masega yao, nao ukaenea ulimwenguni kwa jina la Kenya. Na huko Kasarani, si mbali na Njiru, iko taasisi ya icipe, iliyoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ambako wataalamu huchunguza wadudu, nyuki wakiwamo. Fauka ya hayo, Waislamu wanayo Sura ya 16 ya Qurani, iitwayo kwa jina la nyuki, ambamo asali imetajwa kuwa na shifaa kwa watu.

Tahadhari mbili ni lazima. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa, kwa kuwa yaweza kubeba chembe za bakteria ziletazo ugonjwa wa kupoozesha mwili; na nyuki wetu ni wakali, kwa hiyo mtoto asisogezwe mzingani pasipo mlezi aliye stadi.

Enyi wazazi na walimu wa Njiru, wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Nunueni chupa moja, iwekeni mezani, na kabla ya kuonja muwaulize watoto asali yatoka wapi na kwa nini haiozi upesi. Kisha mwalikeni mrinaji kutoka Ukambani awasimulie. Ilimu ipatikanayo hivyo haigharimu mali nyingi, na mtoto aipataye atajua kuichunguza dunia kwa akili yake, na kuwaheshimu wazee waliomtangulia katika uchunguzi huo.